Nani Aliigusa Mwisho

Fundi hakubisha hodi mara mbili. Alibisha mara moja, akavua viatu vyake vizito mlangoni hata kama kuna theluji, akaingia na soksi, na kabla hujamaliza kumkaribisha alikuwa ameshauliza, "Nani ameigusa mwisho?" Hakuuliza mashine imefanya nini. Hilo, alisema, mashine yenyewe itamwambia. Alichotaka kwetu ni jina la mtu.

Sisi Watanzania tulimwamkia shikamoo kwa sababu ya mvi zake, naye Mkenya wa Kericho hakuwahi kuizoea. Aliipokea kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe ghafla. "Marahaba," alijibu akiangalia pembeni, halafu haraka haraka, "Sasa hiyo boila iko wapi?"

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala sijui kama ana watoto. Kwao alikuwa mlinzi wa boila za kiwanda cha chai, zile kubwa za kuchoma kuni. Hapa Marekani aliajiriwa na kampuni ya kupasha nyumba joto, akiwa na kadi ya msaidizi chini ya leseni ya mtu mwingine. Hizo zilikuwa siku za kazi. Jumamosi na Jumapili alikuwa wetu. Kuanzia Gaithersburg alikokaa mpaka huku kwangu Upper Marlboro, kila aliyesema Kiswahili na kumiliki nyumba alikuwa na namba yake, na katika simu zetu zote aliandikwa kwa neno moja tu: Fundi.

Naandika habari zake kwa sababu nilimnyima jibu. Aliniuliza swali mbele ya mtu wa serikali, jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza, na kwa ajili hiyo akapoteza jina lake. Nitafika huko. Nataka kwanza aonekane alivyokuwa, maana wanaomsema leo wengi hawakumjua, na waliomjua wamejisahaulisha.

Boila hizi mpya si kubwa. Ni kabati dogo la kutundika ukutani, linachemsha maji ya kuzunguka nyumba nzima kwenye vyuma vya joto. Lina kioo chembamba, na likiona kuna kasoro linajizima lenyewe, halafu kioo kinaandika herufi na namba. Kila namba ina maana yake katika kitabu kinachokuja na mashine, kile ambacho sisi sote hukitupa pamoja na maboksi. Chini ya kioo kuna kitufe cha kuiwasha upya. Kitufe hicho ndicho kilikuwa adui mkubwa wa fundi hapa duniani.

"Mama, hii kitu umeireset mara ngapi?" aliniuliza siku ya kwanza tulipojuana, kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga zamani.

"Mara moja moja tu, ikizima."

"Inakuambia shida yake, wewe unaifunga mdomo. Mtoto akilia tumbo, utamfunga mdomo?"

Nilikasirika. Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee miaka mingi, sikupenda kuambiwa kuhusu mgonjwa na kilio. Lakini alipomaliza, nyumba ilikaa na joto mpaka nilipohama.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa kule Gaithersburg, boila yake haijamaliza mwezi. Alimpokea fundi kwa heshima zote akamwambia hakuna mkono wa mtu uliogusa chombo kile, kimezima chenyewe kwa mapenzi yake. Fundi hakubishana. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kioo kikaanza kutoa historia yake, namba baada ya namba. "Mzee," akasema, "hii imewashwa upya mara kumi na tisa tangu Jumatatu." Mke wa mzee alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mzee akasema labda ni umeme. "Umeme hauna kidole," fundi akajibu, akaendelea kufungua skrubu.

Mchungaji wao naye aliwahi kutaka kuipaka boila ya kanisa mafuta ya upako kabla fundi hajaigusa. "Mchungaji, hapana," alisema bila kugeuka. "Hii inatumia gesi." Lakini Jumapili hiyohiyo alikaa kiti cha mbele kanisani akalia wakati wa maombi, tena kwa sauti. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Kisa cha kanga nilikishuhudia mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye niliyemwita. Rafiki yangu, mke wa mfanyakazi wa ubalozi, alikuwa amehamia nyumba moja nyembamba kule mtaa wa Shaw, kila kitu kipya, na boila ikawa inazima kila baada ya saa mbili. Fundi aliisoma namba, akatoka nje, akazunguka uani. Akarudi na kanga mbili. Dada wa watu alikuwa amegundua kwamba kuna bomba jeupe la plastiki linalochungulia ukutani na kupuliza hewa ya moto, akaona Mungu kamletea kikaushio. Fundi alizikunja zile kanga nne nne, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mama, hapa ndipo nyumba inapumulia nje. Ukiziba, itapumulia ndani."

"Na ikipumulia ndani?" rafiki yangu akauliza, bado anacheka.

"Hamtasikia harufu. Mtasikia usingizi tu."

Hakucheka naye. Nilikuja kujua baadaye kwamba kule kiwandani alikuwa na mwenzake wa zamu aliyejilaza karibu na boila na hakuamka. Hakunisimulia zaidi ya hapo. Ila nilipompelekea chakula siku moja kwenye nyumba yake ya kupanga, Desemba, nilimkuta amevaa koti na kofia sebuleni. Mtu aliyepasha joto nusu ya Waswahili wa Maryland alikuwa analala bila kuwasha joto lake. Nikamwuliza kama limeharibika. "Liko sawa," alisema. "Ni mimi ndiyo siliamini nikilala."

Chai yetu hakuinywa. Ukimwekea ile ya kipakiti, alikichovya kidogo, akakitoa akakitazama kama mkaguzi. "Hii ni vumbi ya ufagio wa kiwanda," alisema, akatoa mfukoni majani yake kwenye karatasi, akaomba sufuria na maziwa, akajipikia. Alikuwa mkali kwa watu na mpole kwa vyuma. Watu walimwogopa, na kisha wakamwita tena.

Na alikuwa na daftari. Daftari la shule la kawaida, alilichora mistari mwenyewe likawa na safu tatu: kosa, chanzo, na aliyeigusa mwisho. Katika safu ya tatu aliandika baba mwenye nyumba, au mpangaji, au mtoto wa pili, kama hali ilivyokuwa. Nilimwambia hilo ni daftari la umbea. Akanifungulia kurasa za nyuma akanionyesha mahali pengine alipoandika "mimi". Zilikuwa nne. Hapa alisahau kufungua valvu, pale alikaza kupita kiasi. Alinionyesha bila haya, kidole chini ya kila moja.

"Ukijitoa kwa hii daftari," alisema, "haina kazi tena."

Sasa nifike kwangu.

Mama yangu alifariki Dodoma, Januari, na mimi sikuweza kwenda kumzika. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado yanashughulikiwa. Ningetoka, nisingerudi, na binti yangu alikuwa darasa la saba hapa. Basi matanga tukayaweka kwangu. Nyumba nilikuwa nimeinunua vuli ya kabla yake, boila ilikuwa mpya, ina wiki ya tatu tangu wafunge. Kwenye chumba cha chini, ukuta kwa ukuta na kabati la boila, alikuwa akilala mama mdogo, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amekuja kunisaidia kulea. Jumamosi asubuhi, siku ambayo kule nyumbani walikuwa wanamzika mama, boila ilizima. Kampuni iliyoifunga ikasema Jumatatu. Nikampigia fundi.

"Nani ameigusa mwisho?"

"Mimi. Mara sita."

Hakunigombeza siku hiyo. Alinipa mkono wa pole kwanza, akashuka. Namba ya kioo ilisema moshi hautoki vizuri. Akatoka nje akafukua theluji kwenye mdomo wa bomba, akawasha, namba ikarudi. Akalifuata bomba kwa vidole kwenye dari ya chumba cha chini, akiligonga gonga, mpaka mahali fulani sauti ikabadilika. "Limelala," akasema. "Wamelifunga likainamia upande mbaya. Maji yamekaa ndani, moshi unapita kwa shida." Ilitakiwa kufungua dari na kulitundika upya, kazi ya siku nzima, na vifaa hakuwa navyo.

"Leo hapana, mama. Wageni uwapeleke kanisani."

"Kanisani kuna harusi."

"Basi wavae makoti."

Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye ngazi na kikombe cha chai ya fundi, ile ya majani yake, alikuwa ameshajifunza. Mimi nikapiga magoti. Kwetu mwanamke humpigia magoti mkubwa, si ajabu, ila yeye kwake si desturi, na nilijua si desturi, na nilijua itamfanya nini. Nikamwambia, "Fundi, mama yangu anafukiwa saa hizi na mimi siko. Nisiwe hata na nyumba ya kuwakalisha watu?"

"Amka. Mama, amka. Tafadhali."

Sikuamka mpaka alipofungua kifuniko cha boila.

Alikata waya mfupi kama kidole. Kuna swichi ndogo ndani inayopima kama moshi unapita. Akaunganisha waya juu yake ili mashine idhani yote ni sawa. "Hii ndiyo pua yake," alisema. "Nimeifunga. Haisikii tena." Boila ikawaka, kioo kikawa safi. Kisha akanishika bega, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akasema, "Uizime kabla ya giza. Mtu asikae huku chini. Kabla ya giza, umesikia?"

"Nimesikia."

Alinirudia tena mlangoni akifunga viatu. Kabla ya giza. Kesho angekuja na vifaa. Aliondoka bila kuandika kitu kwenye daftari, na mimi niliona, maana sijawahi kumwona akiondoka bila kuandika.

Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wakajaza mikeka mpaka korido. Jikoni wanawake walikaanga vitunguu vya pilau, kengele ya moshi na hewa mbaya ikapiga kelele katikati ya sala, mtu akaipandia kiti akaitoa betri. Hakuna aliyeniuliza. Ningeulizwa ningesema itoeni. Saa kumi na moja jioni, jua linazama, likaja gari la wazee kutoka Virginia, wamesafiri na theluji ile, mmoja ana mkongojo. Ndipo nilipokuwa nimesimama kwenye mlango wa kushukia chini, mkono kwenye kitasa, nishuke kuizima.

Msomaji aliyefiwa kwetu anajua. Kwenye matanga moto haumwagiwi maji watu wakiwa wamekaa. Mwenye msiba akizima joto la nyumba, amewaambia waondoke. Nikajisemea, sala hii ikiisha. Ikaja nyingine. Giza likaingia na mimi nalitazama dirishani linavyoingia. Mama mdogo nilidhani yuko jikoni na wenzake. Alikuwa ameshuka kunyoosha miguu.

Binti yangu alipanda ngazi akasimama katikati ya watu. "Mama," akasema, "Bibi won't wake up."

Mama mdogo hakufa. Watu husema hivyo kwa kunifariji, hakufa. Alirudi nusu. Anakula akilishwa, anacheka mahali pasipo na kichekesho, na mimi ananiita kwa jina la mama yangu. Kazini nawaogesha wazee wa watu, nyumbani namwogesha yeye. Akiniita kwa jina hilo naitika.

Mkaguzi wa kaunti alituita ofisini kwake wiki chache baadaye, hapahapa Upper Marlboro. Waya ulikuwa mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi alikubali kila kitu kabla hajaulizwa. Ndiyo ni mimi, ndiyo nilijua ni hatari, hapana sina leseni yangu. Kisha mkaguzi akamwuliza kama alimwagiza mwenye nyumba aizime, na saa ngapi.

Nilimwona fundi anatafuta kumbukumbu. Akaweka mkono kwenye mfuko wa daftari, akautoa mtupu. "I want to say yes," akasema. "But I don't know. I was in a hurry. I don't know." Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama tuko wawili tu, "Mama, nilikuambia?"

Mkaguzi naye akanitazama, kalamu mkononi.

Niliwaza makaratasi yangu yaliyokuwa kwenye meza ya mtu mwingine wa serikali. Niliwaza binti yangu akichukuliwa kwa sababu mama yake aliambiwa kuna sumu akaiacha. Sababu zilikuwepo, na zilikuwa za kweli, na bado nilikuwa muoga. "I don't remember," nikasema.

Alitikisa kichwa kidogo, kukubali. Kadi yake ilichukuliwa, kampuni ikamwachisha. Namba yake ikafutwa simu baada ya simu. Wakamwita fundi wa waya. Wale aliowatengenezea kwa miaka wakasema walikuwa na mashaka naye siku zote, yule mzee wa vidole kumi na tisa akiwa wa kwanza. Nilikaa kwenye vikao hivyo nikamimina chai. Hata mara moja sikusema neno.

Makaratasi yangu yalikuja mwaka jana. Nilidhani yakija nitamtafuta. Sikumtafuta.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mdogo kwa daktari mmoja Gaithersburg. Kwenye lango la maegesho kuna kibanda cha kioo, na ndani yake alikuwa fundi, amevaa koti la rangi ya chungwa la walinzi, na kihita kidogo cha umeme miguuni ambacho hakijawashwa. Tulitazamana. Akatazama kiti cha nyuma.

"Mama anaendeleaje?"

Kabla sijajibu, mama mdogo akamnyooshea mkono dirishani akasema vizuri kabisa, "Karibu chai." Fundi akaushika ule mkono. Gari la nyuma likapiga honi, akainua kizuizi.

Daktari alisema yaleyale. Nilimfunga mama mdogo mkanda kwenye gari, nikawasha joto, nikatembea mpaka kwenye kibanda. Upepo ulikuwa mkali. Fundi alitoka nje, tukasimama, na hakunizungusha.

"Mama, mimi sikulaumu. Nataka kujua tu. Kila nikifunga macho natafuta yale maneno, siyapati. Nilikuambia uizime, au nilisahau?"

Miaka mitatu. Nilikuwa nimedhani alinisitiri pale ofisini, kwamba alijitwika lawama kwa ukarimu, na dhana hiyo ilikuwa imenisaidia kulala. Kumbe hakujua. Alikuwa ameishi nayo hivyo, hajui.

"Uliniambia," nikasema. "Uliniambia kule chini umenishika bega. Ukaniambia tena mlangoni. Kabla ya giza. Mara mbili, fundi. Nilisikia zote mbili."

Alirudi ndani akakaa kwenye kiti cha kibanda, akaweka viganja magotini. Nikamwambia nitaenda kwa mkaguzi kesho nimwambie. Akasema nikitaka niende.

"Lakini waya niliweka mimi," akasema. "Hiyo haibadiliki."

Kisha akaingiza mkono ndani ya lile koti akatoa daftari. Lilelile, limevimba kwa unyevu. Ukurasa ulifunguka wenyewe, bila kutafutwa. Jina la mtaa wangu, alilokuja kuliandika baadaye. Kosa: moshi hautoki. Chanzo: bomba limelala. Katika safu ya tatu, kwa mwandiko wake wa kukandamiza kalamu, "mimi".

Nikaomba kalamu. Ilikuwa imeganda kwa baridi, nikaipulizia mpaka ikatoa wino, na chini ya neno lake nikaandika mimi. Akalisoma, midomo ikicheza.

"Sasa futa lako," nikamwambia.

Akafunga daftari, akalirudisha kifuani, akaenda kuinulia gari lingine kizuizi.